Kibanio

Hapa Punta Arenas, upepo ukikasirika,
manispaa hufunga kamba kando ya barabara
ili watu wazima, na mikoba yao, na heshima zao,
washike wasipeperuke.
Hakuna anayemwambia mshika kamba:
Mbona wewe huonekani kama mtu wa kupeperuka?

Mimi nimeambiwa.
Na mhasibu wa hospitali, na mke wa kaka yangu,
na padri mmoja aliyenishika kiwiko akiniambia.
Huonekani.
Kana kwamba usonji ni chunusi.

Nina miaka arobaini na sita. Nafua mashuka ya wagonjwa.
Mashine namba nne hulia
kama uma unaokwaruza jino;
namba saba ina sauti ya kukalika, nimehamia huko.
Mama yangu, Filomena, alinilea kwa neno moja: Jikaze.
Jikaze kisabuni.
Nikajikaza.
Basi niulizeni mimi, mfuaji,
sabuni inayojikaza chini ya bomba huishia wapi.
Povu. Halafu mahali palipokuwa na povu.

Nilijifunza kuwatazama watu katikati ya nyusi,
wao hudhani ni machoni.
Wakicheka nilihesabu moja, mbili, ndipo nami nikacheka.
Jino la pembe si dawa ya pengo,
lakini langu nililipiga mswaki kila asubuhi.

Kisha Baltazar, mtoto wa kaka, akapelekwa kupimwa.
Nilikuwa nimemsindikiza tu, nimeshika koti lake.
Daktari aliuliza, mama yake akajibu,
nami kwenye kiti cha pembeni nikajibu kimoyomoyo:
ndiyo,
ndiyo,
lebo za nguo, ndiyo,
ndiyo, mpaka leo.
Nilipotoka nje niliishika kamba,
na siku hiyo upepo ulikuwa umelala.

Jumapili kwa Mama: mwanakondoo wa kuchoma,
mashavu ishirini na matatu ya kubusu.
Baltazar habusu mtu.
Ana vibanio vya nguo mfukoni;
akikuridhia, anakubana kimoja kwenye mkono wa sweta,
basi, umesalimiwa.
"Mfundisheni adabu," alisema shangazi Griselda.
"Mwacheni, huyu atakuwa bingwa wa hesabu," alisema mjomba Nemesio,
"hawa ndivyo walivyo."
Hesabu zinamliza Baltazar. Juzi alitafuna penseli ikaisha.

Redio. Sahani. Mbwa. Midomo mitatu kwa mpigo mmoja.
Nikaona mabega yake yakipanda kuelekea masikioni,
na mabega yangu, bila kuniuliza, yakayafuata.
Akazama chini ya meza.
"Toka huko," kaka alisema, "watu wanakula."

Nikaweka uma.
Nikashuka na mimi, na magoti yangu haya yanayolia.

Huko chini kulikuwa na viatu vingi na giza zuri.
Hatukuongea.
Alinibana kibanio cha kijani, akakitazama,
akakitoa, akaweka cha bluu.
Sikuuliza sababu. Cha bluu kilikuwa sawa.

Juu, mazungumzo yakakatika kama maji ya bomba.
Pindo la kitambaa likainuka,
uso wa Mama ukatokea, kichwa chini,
mvi zikining'inia, miwani ikitaka kuanguka.
Nilingoja lile neno. Nililijua njia nzima kutoka kooni kwake.
Akanyoosha mkono wa sweta.
"Kimebaki kimoja?"

Baltazar alifikiri.
Alifikiri mpaka nyama juu ikapoa.
"Kesho," alisema.
"Haya," alisema Mama, "kesho,"
na uso ukapanda ulikotoka.

Ndani ya basi, kijana mmoja aliinama kwangu kwa upole:
"Mama, una kibanio kwenye koti."

"Najua," nikamwambia,
nikaanza kumtazama katikati ya nyusi,
nikaacha,
nikatazama dirishani, nilikokuwa nikitaka kutazama.